MCHUNGAJI NA KUNDI LAKE SIKU ZA MARADHI YA KUENEA

Somo la wachungaji, waalimu na wazee wa usharika

Yasomwe kwanza: Hesabu 16:41–50, Mathayo 4:5–7, Marko 2:1–12, Wafilipi 2:25–30.



Mwezi huu twawaletea somo juu ya jambo ambalo kila mchungaji aweza kukutana nalo, apende asipende. Yampasa kufanya nini maradhi ya kuambukiza yaingiapo katika nchi, na watu wake ni wa namna nyingi: wazee na watoto, wazima na wagonjwa, wenye hofu na wenye kudharau? Hatuwaandikii ili kuwatisha. Twawaandikia wakati wa utulivu kwa kuwa mvuvi hushona tanga lake pwani, wala hangoji dhoruba imkute nalo limepasuka.

Tumechagua Kilindoni, mji mkuu wa Kisiwa cha Mafia, uwe mfano wetu. Mji huo si mkubwa, na watu wake hujuana. Hospitali ya wilaya ipo, walakini mgonjwa aliyezidiwa hana budi kuvushwa bahari, ama kwa ndege mpaka Dar es Salaam, ama kwa chombo mpaka Nyamisati na kutoka huko kwa gari. Na kusi ivumapo kwa nguvu safari hiyo ni ya taabu hata kwa mzima. Wakristo ni wachache kati ya Waislamu walio wengi, na katika hao wachache wamo watu wa bara waliofika kwa kazi, kama waalimu, wauguzi na askari. Mchungaji akifahamu impasavyo kufanya mahali kama hapo, atafahamu na mahali pengine.

I. MAMBO YALIYOIPATA NCHI YETU

Maradhi ya kuenea si mgeni kwetu. Mwisho wa ile vita kuu ya kwanza, katika miaka 1918 na 1919, homa kali ya mafua ilipita dunia nzima, ikaua watu makumi ya milioni. Katika Tanganyika wenye kuandika historia wanakadiria kwamba walikufa watu kati ya 50,000 na 80,000. Homa ile iliwakuta watu wamekwisha kuchoshwa na vita, na njaa, na kuchukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Tena ilizikuta sharika nyingi za Kilutheri hazina wamisionari wao, maana walikuwa Wajerumani, na wengi wao walikuwa wamekamatwa. Waliobaki kulichunga kundi ni waalimu Waafrika. Basi twaona ya kuwa uchungaji wa siku za shida haukuwangoja wenye vyeo vikubwa. Ulifanywa na wale waliokuwapo.

Tena twakumbuka miaka ya karibu. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa UVIKO-19, ambao wengi huuita korona, umeenea duniani kote. Tarehe 16 Machi alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa Tanzania, huko Arusha. Siku ya pili yake Serikali ilifunga shule na kukataza mikutano mingi, lakini nyumba za ibada ziliachwa wazi. Mwezi wa Aprili zikawekwa siku tatu za maombi ya taifa. Tangu mapema mwezi wa Mei 2020 hesabu ya wagonjwa haikutangazwa tena, ikasimama katika wagonjwa 509 na waliokufa 21. Ikakaa hivyo kwa muda uliozidi mwaka mmoja. Mwezi wa Julai 2021 zilifika chanjo zaidi ya 1,000,000, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu wote. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya lilitangaza kwamba hali ya hatari ya dunia imekwisha.

Fikirini mzigo wa mchungaji katika muda ule. Milango ya kanisa haikufungwa na Serikali. Kwa hiyo neno la namna ya kukutanika lilimwangukia yeye pamoja na wazee wake. Hesabu haikutolewa, kwa hiyo hakujua kama hatari imepungua au imezidi, ila kwa kuhesabu misiba ya jirani. Na watu wake walimtazama yeye. Mmoja alisema, "Tukivaa barakoa tumemkana Mungu." Mwingine alisema, "Tukikutanika tumeua wazee wetu." Wote wawili walikuwa kondoo wake.

Wala mambo hayo hayakukoma. Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia mkoa wa Kagera, wakaugua watu 9, wakafa 6. Mwezi wa Januari 2025 ulitangazwa tena katika mkoa huo huo, wilayani Biharamulo, nao wakafa watu 10. Basi somo hili si la kuwekwa kabatini.

II. MARTIN LUTHER NA TAUNI YA WITTENBERG

Mwezi wa Agosti 1527 tauni ilifika Wittenberg. Mtawala wa nchi, Johann wa Saksonia, alimwagiza Luther aondoke pamoja na waalimu wa chuo kikuu, waliohamia Jena. Luther hakuondoka. Alibaki pamoja na mchungaji wa mji, Johannes Bugenhagen, akahubiri, akawazuru wagonjwa, na nyumba yake mwenyewe ikawa kama hospitali. Katharina mkewe alikuwa mja mzito. Mwezi wa Desemba alimzaa binti, Elisabeth, na mtoto huyo hakuumaliza mwaka. Luther basi hakuandika juu ya tauni kama mtu aliyeketi mbali.

Ndugu wa Breslau walikuwa wamemwuliza kama ni halali Mkristo kuikimbia tauni. Akawajibu kwa waraka uliopigwa chapa mwaka ule ule. Mafundisho yake twaweza kuyakusanya katika mambo manne.

La kwanza: imani za watu hazilingani nguvu, wala si haki kumtwisha mdhaifu mzigo wa mwenye nguvu. Mtu asiyefungwa na kazi aweza kuondoka bila dhambi, maadamu jirani yake hakuachwa pasipo msaada.

La pili: wako watu wasioweza kuondoka, maana wamefungwa na kazi waliyopewa na Mungu. Hao ni wachungaji, wenye kutawala mji, wazazi kwa watoto wao, na kila mwenye mgonjwa asiye na mtu mwingine. Hao wakikimbia wamelitupa kundi.

La tatu: dawa ni kipawa cha Mungu. Mtu atumie dawa, asafishe nyumba yake, wala asiende mahali ambapo hana kazi. Anayedharau mambo hayo na kuwaambukiza wenzake hataweza kusema kwamba mikono yake ni safi.

La nne: wagonjwa wamwite mchungaji mapema, wakiwa na akili zao, wasingoje saa ya mwisho. Na maziko yafanywe mahali pa utulivu nje ya mji.

Angalieni jinsi mambo haya yanavyoshikamana. Luther hakusema, "Kaeni, msiogope, hamtaugua." Wala hakusema, "Fungeni milango, kila mtu na nafsi yake." Alisema kwamba mchungaji akae kwa ajili ya jirani, naye ajilinde kwa ajili ya huyo huyo jirani. Upendo mmoja ndio unaomzuia asikimbie, tena ndio unaomnawisha mikono.

III. IMANI SI KUMJARIBU MUNGU

Katika siku za korona wengi walishika Zaburi ya 91, wakaitumia kama hirizi. Zaburi hiyo ni kweli, nayo imewafariji watakatifu wengi. Walakini kumbukeni ni nani aliyeitumia katika Mathayo sura ya 4. Ni Shetani, alipomweka Bwana juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini, kwa kuwa malaika watamchukua. Bwana hakuikana ahadi ile, bali alikataa kuigeuza kuwa jaribu kwa Mungu. Mwenye kuanguka aweza kuutumaini mkono wa Mungu. Mwenye kujitupa hamtumaini, anamjaribu.

Tena wasomaji wamwangalie Epafrodito katika waraka kwa Wafilipi. Alitumwa na usharika wake amhudumie Paulo, akaugua karibu ya kufa katika kazi ile. Paulo hasemi kwamba ugonjwa wake ulitoka katika upungufu wa imani. Hamfichi, wala hamwonei haya. Awaambia Wafilipi wampokee kwa furaha na kumheshimu. Basi ole wake mchungaji amwambiaye mgonjwa, "Ungaliamini usingaliugua." Amemwongezea mgonjwa jeraha ambalo maradhi yenyewe hayakumtia.

Watu wa Mafia wana mfano wao wa kufahamu kwa nini mzima hutumia dawa kwa ajili ya mwenziwe. Maradhi ya matende na mabusha yaliwatesa watu wa pwani tangu zamani. Serikali ilipoanza kazi ya kuyaondoa katika Tanzania bara, mwaka 2000, kazi ile ilianza katika Kisiwa cha Mafia. Dawa haikutolewa kwa wenye kuvimba miguu tu. Waliitwa pia watu waliojiona wazima, kwa sababu vijidudu vya ugonjwa huo hukaa katika damu ya mtu asiyejua, na mbu huvichukua kutoka kwake na kumpelekea mwingine. Mtu mzima alimeza kidonge, na mtoto wa jirani akapona asivimbe. Mchungaji akiulizwa habari ya chanjo, aanze hapo. Asijifanye mganga, awapeleke watu kwa waganga wa hospitali wakaulize habari zote. Bali awaambie wazi kwamba kumlinda jirani ni katika maana ya amri ya tano, kama tulivyofundishwa katika Katekisimo Ndogo: haitoshi kutoua, yatupasa kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake.

IV. ASIACHWE MTU NJE

Twafika sasa kwenye kiini cha somo letu. Maradhi ya kuenea hututenga kwa miili. Ni rahisi yakatutenga na kwa mioyo. Katika Marko sura ya 2 nyumba ilijaa hata mlangoni hapakuwa na nafasi, na mtu mwenye kupooza akawa nje. Rafiki zake wanne hawakusema, "Nafasi hakuna, turudi." Walipanda juu, wakaitoboa dari. Mchungaji atafute dari la kutoboa kwa ajili ya kila mtu ambaye mlango umemshinda.

Ni akina nani hao? Twawataja wachache.

Wazee na wenye maradhi ya siku nyingi, kama kisukari na pumu, ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya korona, nao ndio waliozoea kuja kanisani kila Jumapili. Wakiambiwa tu, "Kaeni nyumbani," watafikiri wametupwa. Afadhali mchungaji au mzee aende mpaka barazani, asimame kando penye upepo, asome Neno na kuomba pamoja nao.

Wasio na simu za kisasa. Sharika nyingi zilituma mahubiri kwa simu, nalo ni jambo jema. Lakini bibi mjane asiye na simu hakusikia. Kwake yafaa redio, au karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa na kuletwa na kijana wa jirani.

Viziwi. Kiziwi husoma midomo ya mtu na uso wake; barakoa ikifunika uso, amefungiwa neno. Msomaji na asimame mbali kidogo, mahali penye hewa, uso wake uonekane. Au neno liandikwe. Na kipofu, aliyezoea kushikwa mkono, asiachwe kusimama peke yake kwa kuwa watu wanaogopa kugusana. Achaguliwe mtu mmoja awe mwongozi wake daima.

Waliopoteza kazi. Tangu tarehe 11 Aprili mpaka 18 Mei 2020 ndege za abiria kutoka nchi za nje zilizuiwa, na hata baadaye wageni walikuwa wachache. Katika Mafia watu wengi hula kwa kazi ya hoteli za upande wa Utende na kwa kuwachukua wageni baharini. Mtu aliyekosa mshahara huona haya kuja kanisani bila sadaka. Mchungaji amwendee kabla hajatoweka.

Wanaoshukiwa ugonjwa. Watu wa Kagera wanalijua jambo hili kuliko wengine, maana huko ndiko walikoonekana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu, mwaka 1983. Wengi waliteswa na midomo ya watu kabla ya kuteswa na maradhi. Jina la mgonjwa lisitajwe katika maombi ya mbele ya watu pasipo ruhusa yake. Aliyepona arudishwe kitini pake kwa furaha, kama Epafrodito.

Mwisho, wale wasiokubaliana nasi. Katika Hesabu sura ya 16 watu walikuwa wamemnung'unikia Musa na Haruni, ndipo pigo likaanza. Haruni angaliweza kusema, "Wamejitakia." Badala yake alitwaa chetezo akapiga mbio mpaka katikati ya mkutano, akasimama kati ya wafu na walio hai, na pigo likazuiliwa. Waliokufa walikuwa 14,700. Lakini waliokombolewa walikuwa wale wale walionung'unika. Aliyekataa barakoa naye akiugua, mchungaji wake ni wewe. Usiende kitandani kwake na neno la kumshinda. Nenda na neno la kumfariji.

Ili mambo haya yasiwe maneno matupu, twashauri kila usharika uwe na daftari. Nyumba zigawanywe kati ya wazee, kila mzee asipewe zaidi ya kumi. Iandikwe ni nani akaaye peke yake, ni nani asiyesikia au asiyeona, ni nani atumiaye dawa kila siku, ni nani asiye na chakula cha akiba. Kazi hii ifanywe sasa. Siku ya maradhi hapatakuwa na nafasi ya kuulizana majina.

V. MEZA YA BWANA, WAGONJWA NA MAZIKO

Kikombe kimoja ni desturi nzuri, tena ya zamani. Walakini nguvu ya Sakramenti haimo katika ukubwa wa chombo. I katika neno la Kristo pamoja na mkate na divai. Basi wakati wa maradhi vikombe vidogo vitumike, mchungaji anawe mikono mbele ya watu wote, na watu waje kwa nafasi. Ibada iwe fupi, madirisha wazi, au watu wakae nje chini ya minazi. Ugonjwa wa hewa hupungua nguvu penye upepo, na pwani Mungu ametupa upepo bila malipo. Anayeogopa kuja asihukumiwe, apelekewe.

Katika kuwazuru wagonjwa mchungaji afuate agizo la waganga, kwa kuwa maradhi yote si sawa. Korona huenea kwa pumzi. Marburg huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa, hata ya maiti. Asiyejua tofauti hiyo aweza kujiua kwa ujasiri. Pale asiporuhusiwa kuingia, asimame dirishani, aombe kwa sauti, au aseme kwa simu iliyowekwa karibu na sikio la mgonjwa. Wale wakoma kumi wa Luka sura ya 17 walisimama mbali, na Bwana aliwasikia kutoka huko huko mbali.

Maziko ni jaribu kubwa, maana kwetu msiba ni wa watu wote. Kama waganga wamekataza kuosha au kukusanyika, mchungaji awe wa kwanza kutii, tena awe wa kwanza kufika. Watu wachache wakizika, ibada isipunguzwe heshima. Na hatari ipitapo, jamaa wakusanywe tena kwa ibada ya kumbukumbu, walie pamoja machozi waliyoyazuia.

VI. MAJIRANI ZETU

Katika Kilindoni maradhi hayaulizi kama mtu huenda msikitini au kanisani. Mwuguzi Mkristo humhudumia mvuvi Mwislamu, na mama Mwislamu humlea mtoto wa mwalimu Mkristo. Neno la mchungaji likipingana na neno la sheikh juu ya kunawa au chanjo, watu hawatafuata lolote. Kwa hiyo wakutane mapema, pamoja na mganga mkuu wa wilaya, wakubaliane neno moja. Si vigumu. Waislamu nao wana fundisho la tangu zamani kwamba mtu asiingie nchi yenye tauni, wala aliyemo asitoke humo kwa kuikimbia. Na mwaka 2020 hija yenyewe ilifanywa na watu wachache tu waliokuwa wamo tayari katika nchi ya Saudia.

Na chakula cha msaada kikigawanywa, wahitaji wote wapewe. Msaada wa Kikristo usiwe chambo cha kuvulia watu. Msamaria hakumwuliza dini yule aliyemkuta njiani.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKAO CHA WAZEE

1. Katika usharika wetu ni akina nani ambao hawatafikiwa na neno kama ibada ya pamoja itasimamishwa kwa mwezi mmoja?
2. Mchungaji akiugua, ni nani atakayesoma Neno, kuzika na kuwafariji watu? Je, amekwisha kufundishwa?
3. Kuna tofauti gani kati ya kumtumaini Mungu na kumjaribu? Toeni mifano ya mahali petu.
4. Ni watu gani ambao usharika wetu uliwaonea haya katika miaka ya 2020 na 2021, nao hawajarudi? Nani atawaendea?

SALA

Ee Bwana Mungu, uliyemtuma Mwanao akae kati ya wagonjwa, tupe wachungaji wasiokimbia na wasiojivuna. Uwape waganga maarifa, watawala ukweli, na watu wako subira. Usituache tukamsahau hata mmoja aliyelala peke yake. Na saa ya kufa kwetu ikija, iwe kwa maradhi au kwa uzee, utukute tumeshikana na jirani zetu katika upendo wako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.